Hoteli, barabara, kampuni au kazi ya mchana: nani atalipia majaribio yako ya muziki?

Mpwa wangu ana miaka 22, gitaa moja la mbao ambalo shingo yake nimeibandika gundi mara mbili, filimbi ya chivoti aliyoachiwa na babu yake upande wa Kaloleni, na mkataba. Mkataba ni wa hoteli moja ya ufuo wa kaskazini: miezi 6, siku 5 kwa wiki, seti 3 kila usiku, chakula cha jioni juu yao. Ana hadi Ijumaa kutia sahihi. Juzi alinijia dukani kwangu Majengo, ninapotengeneza spika na amplifaya, akauweka mezani katikati ya nyaya na risasi ya kuchomelea.

"Shikamoo mjomba. Hebu nisomee hii, kisha uniambie nifuate ipi."

Nimeusoma. Kwa mkataba wa hoteli, si mbaya. Shida iko kwake mwenyewe: muziki anaoupenda hauna mahali. Si wa hotelini, si wa harusini, si wa klabu za Mtwapa. Anachukua nyimbo za kwao za kayamba na chivoti, anaziegemeza juu ya gitaa la roki, kisha anaipitisha sauti kwenye kipedali cha mwangwi mpaka filimbi moja inasikika kama kundi la ndege wanaogombania mti. Wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 11. Mama yake, dada yangu, huuliza wimbo wenyewe unaanza lini.

Tuuite roki ya kiasili ya majaribio. Neno zito hapo ni la mwisho. Anayejaribu hukosea mara nyingi kabla ya kupata, na kila kosa lina bei: nauli, tokeni za stima, kodi ya chumba, jioni ambayo angekuwa anafanya kazi nyingine. Kwa hiyo nilipokaa naye kuzilinganisha njia zilizo mbele yake sikuanza na njia gani ina muziki mtamu. Nilianza na siku ambayo wimbo umekataa kabisa. Siku hiyo nani analipa?

Hoteli

Hii naijua kwa mgongo wangu. Miaka 9 nilipiga besi kwenye bendi za hoteli, kutoka Nyali hadi Shanzu, na kabla sijaisema vibaya niseme wema wake. Unalala ukijua kesho unapiga. Msimu mmoja tu unakulainisha vidole kuliko miaka 3 ya kujifungia chumbani, kwa sababu mgeni akiomba wimbo usioujua, una dakika 2 za kuutafuta. Unajifunza kupiga kwa sauti ya chini, jambo ambalo vijana wa roki huliona adhabu, kumbe ni ufundi mkubwa. Na spika ikiungua, haijaungua yako.

Wala usidanganywe kwamba hotelini hakuzaliwi kitu. Them Mushrooms walianza hapahapa Mombasa mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success, wakabadili jina mwaka 1972, wakawatumbuiza watalii kwenye hoteli za pwani miaka nenda miaka rudi. Waliona jinsi mgeni anavyofika, anafundishwa salamu mbili tatu, anatembea nazo wiki nzima akizirudiarudia kwa furaha. Wakazigeuza wimbo. Jambo Bwana ulitoka mwaka 1982, ukauza nakala zaidi ya 200,000, na mwaka uliofuata Boney M wa Ujerumani wakatoa wa kwao. Mtaalamu gani wa kampuni angeliona hilo akiwa ofisini? Liliwahitaji watu waliokuwa wanamtazama mgeni usoni kila usiku.

Sasa upande wa pili wa shilingi hiyohiyo. Wimbo uliozaliwa hotelini umekuwa kufuli ya hotelini. Kwa hesabu zangu za harakaharaka, nimeupiga zaidi ya mara 2,000. Mkono ulikuwa unaupiga wenyewe huku mimi nikifikiria kodi ya nyumba.

Usiku mmoja wa mwezi wa tano, lo sizoni, yaani msimu wa wageni wachache, meza 4 tu zina watu, tukaambiana leo ndiyo leo. Mpiga ngoma akaanzisha mwanzele, ngoma ya Wamijikenda, polepole. Nikashikilia noti moja kwenye besi, siiachi. Gitaa likaingia na ule mkwaruzo wa roki, si kwa nguvu, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Dakika ya 4 mzee mmoja wa Kijerumani akaweka uma chini akatugeukia mwili mzima. Nikajua tumempata. Mara msimamizi wa ukumbi huyo mbele ya jukwaa, ameshika upawa wa supu, anaupunga kushuka chini, chini, chini, kama anayezima moto wa nyasi. Wageni wanataka kula. Tukarudi kwenye Malaika, na yule mzee akaokota uma wake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hoteli inakulipa kwa unachokijua tayari. Unachokitafuta, hailipi. Halafu masika yakishika na wageni wakapungua, bendi hupunguzwa kabla hata ya mtunza bustani. Mkataba wa mpwa wangu unaanza Oktoba, unakatika mwisho wa Machi. Sikushangaa hata kidogo.

Barabara

Hapa nilimtolea habari za Ayub Ogada, na nilihuzunika kwamba hakujua kuwa mtu huyo alizaliwa Mombasa. Mwaka 1956, katika familia ya Kiluo, akiitwa Job Seda. Sisi wa pwani hatumhesabu kuwa wetu kwa kuwa chombo chake ni nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, lakini maisha yake ndiyo yanayofanana zaidi na ndoto ya kijana huyu.

Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi na Black Savage, bendi ya roki. Mwaka 1979 akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band, iliyokuwa ikifungamana na jumba la sanaa la Alan Donovan na Joseph Murumbi, yule aliyewahi kuwa makamu wa rais. Walichanganya ngoma na ala za kiasili na vyombo vya umeme. Yaani haya anayoyafanya mpwa wangu chumbani Kisauni, akidhani ni wa kwanza, wakubwa wameyafanya kabla mama yake hajaolewa. Na mtu akikwambia gitaa la umeme ni la Wazungu, mkumbushe Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, ambaye ni katika Wakenya wa mwanzo kabisa kulishika.

Mwaka 1986 Ogada akaondoka kwenda Uingereza. Hakwenda na gitaa wala amplifaya. Alibeba nyatiti. Ukitaka kujua kwa nini uamuzi huo ulikuwa wa akili, tazama inavyopigwa. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavu chini karibu na mguu wake. Nyuzi 8 ziko mikononi. Kwenye kidole gumba cha mguu kuna pete ya chuma inayogonga ukingo wa ala, na mguuni kuna njuga. Mtu mmoja ni mpiga nyuzi, ni mpiga ngoma, ni mwimbaji, na hahitaji soketi ya umeme. Kwa barabara za London na vituo vya treni za chini ya ardhi, hiyo ni bendi kamili inayobebwa kwa mkono mmoja. Bendi yangu ya hoteli ilihitaji pikapu.

Akapiga barabarani, watu wakimtupia sarafu. Huko akasikiwa, akaalikwa kwenye WOMAD, tamasha la muziki wa mataifa mbalimbali, na mwaka 1993 akatoa albamu yake En Mana Kuoyo kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Tazama kinyume kilichopo. Akiwa Nairobi alikuwa na umeme, ngoma, wacheza dansi, taa. Kilichomfikisha kwa masikio ya dunia ni kile alichobaki nacho alipoviacha vyote.

Wimbo wake uliosafiri mbali zaidi unaitwa Kothbiro, yaani mvua inakuja. Mwaka 2005 ulisikika kwenye filamu ya The Constant Gardener. Mwaka 2018 rapa Kanye West alitumia kipande cha Kothbiro, si toleo lake la Uingereza, bali lile la zamani la Black Savage. Wimbo uliopigwa na vijana wa Nairobi miaka ya 1970 ukaamka Marekani zaidi ya miaka 40 baadaye.

Ogada alirudi nyumbani, akafia Nyahera, Kisumu, mwezi wa Februari 2019. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Kwa hiyo barabarani nani analipa? Wewe mwenyewe, na mpita njia. Sarafu ya barabarani haikuambii upunguze sauti, na hilo ni kubwa, ila inalipia leo tu. Haina mwezi, haina likizo, haina siku ya kuugua. Na leo njia hiyo ina lango: viza ya kwenda kupiga muziki huko inataka mdhamini anayekungoja upande wa pili, na tiketi. Nimemwambia kabla hajaota London aanze na ufuo wa Mama Ngina hapa Mombasa, Jumapili jioni, watu wanapokula mihogo na madafu. Akae chini na chivoti, bila kipedali, aone mtu anasimama muda gani. Wakipita wote, atakuwa amejifunza kwa nauli ya matatu.

Kampuni

Mungu mdogo wa mpwa wangu ni Tim Buckley, mwimbaji wa Marekani. Anamsikiliza kwenye simu usiku, taa imezimwa. Namuelewa. Buckley alizaliwa mwaka 1947, akatoa albamu ya kwanza mwaka 1966 akiwa na miaka 19 tu, kwa kampuni ya Elektra, sauti tamu na gitaa la nyuzi 12. Angeweza kubaki hapo akazeeka na hela. Hakubaki. Akaingiza jazi na vibrafoni, akarefusha nyimbo, na mwaka 1970 akatoa Lorca na Starsailor, ambamo sauti yake inapanda, inalia, inapasuka kama kitambaa. Kila albamu iliwaudhi walioipenda iliyotangulia. Kwangu mimi Starsailor ni kazi ya kutisha, na siisikilizi mara 2 kwa mwezi mmoja.

Anachokipenda mpwa wangu ni kwamba kampuni ilimlipia mtu huyu studio na wapigaji ili ajaribu. Kweli, ililipa. Lakini Starsailor haikuuzika, na kuanzia mwaka 1972 Buckley akageukia roki ya kuchezeka yenye soul nyingi, akitafuta wanunuzi. Tarehe 29 Juni 1975 dawa za kulevya zilimuua. Alikuwa na miaka 28, ameshatoa albamu 9. Nilimwambia kijana: ongeza 6 juu ya umri wako.

Pesa ya kampuni ni tamu kwa sababu inakuja kabla ya kazi. Ubaya wake ni kwamba ina kumbukumbu. Na hapa kwetu kampuni yenyewe iko wapi? Utakutana na meneja mwenye simu mbili na ofisi ndani ya begi. Mimi niliwahi kutia sahihi karatasi ya ukurasa mmoja mbele ya mtu wa namna hiyo, kwa shilingi 8,000. Maneno "haki zote" yalikuwa mstari wa 3. Niliyasoma vizuri baada ya miaka 2, wimbo ulipokuwa unapigwa kwenye tangazo la biashara.

Kazi ya mchana

Hii ndiyo njia ya dada yangu. Kuna nafasi kwenye ofisi ya kliaringi na fowadingi mjini, watu wanaotoa mizigo bandarini, jamaa anaweza kumwingiza. Kijana aliposikia alikunja uso, basi nikamsimulia habari za Linda Perhacs.

Huyu mama alikuwa Los Angeles, kazi yake kusafisha meno ya watu kwenye kliniki. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Leonard Rosenman, mtunzi wa muziki wa filamu. Wakazungumza, akamwambia kuwa hutunga nyimbo, Rosenman akazisikia, na mwaka 1970 ikatoka albamu Parallelograms: gitaa la taratibu, sauti zilizopangwa juu ya sauti, na katikati ya wimbo wenye jina hilo muziki unajifungua kama mlango wa chumba chenye giza kisha unajifunga tena. Kampuni iliitoa kwa ubora mbovu, haikuitangaza, ikafa. Perhacs akarudi kwenye meno. Miongo ikapita. Wasikilizaji wapya wakaifukua, ikatolewa upya, na mwaka 2014 akatoa albamu ya pili. Miaka 44 baada ya ya kwanza.

"Mjomba, miaka 44 ya meno?" 

Ndiyo. Lakini albamu ilipokufa, yeye hakufa nayo. Kodi ililipwa. Hakuna aliyemgeuza apige kitu asichotaka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimlisha kwa muziki. Kwa jicho hilo, kati ya hawa wote yeye ndiye aliyekuwa huru zaidi na Buckley ndiye aliyebanwa zaidi, ingawa ukiwasikiliza utadhani ni kinyume.

Bei yake ni uchovu. Kutoka Kisauni asubuhi, foleni ya daraja la Nyali, faili za makontena mchana kutwa, foleni tena, umefika nyumbani saa 2 usiku. Na nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba 6, ukumbi mmoja, mtoto wa jirani ana mtihani. Chivoti saa 3 usiku utaipigia wapi? Hili ndilo swali ambalo watu wanaoshauri "tafuta kazi, muziki ufanye jioni" hawalijibu. Jibu langu lilikuwa duka. Nikifunga saa 12, chumba cha nyuma ni chake mpaka saa 4. Kuna maboksi ya spika, sauti haitoki sana. Jirani pekee ni fundi cherehani na yeye ni kiziwi sikio la kushoto.

Njia ya harusi siisemi kwa urefu. Inalipa vizuri na ina heshima; marehemu Zein l'Abdin, mwanataarabu mzaliwa wa Lamu aliyeishi hapa Mombasa, aliibeba udi yake mpaka Ulaya wakamsikiliza. Ila taarabu ina adabu zake na wenyewe wanazijua. Bibi harusi akishaingia, hataki majaribio.

Tukiziweka mezani

Kwa vidole, hoteli inashinda zote, haina mpinzani. Kwa masikio ni ya mwisho. Barabara inakupa jibu la haraka zaidi kuhusu wimbo wako, maana mpita njia hana sababu ya kukudanganya, wala hakujui. Kampuni inakupa vyombo na inakuchukulia usukani. Kazi ya mchana inakupa uhuru na inakunyima usingizi.

Kuna jambo moja linalokata njia zote 4, na watu wa kwetu hulipuuza mpaka jua linazama: wimbo ni wa nani kwenye karatasi. Kwa sheria ya Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kile kipande cha Black Savage kilipoibukia Marekani, watunzi walikuwa wameandikwa. Wangekuwa wametia sahihi karatasi kama yangu, angefurahi mwingine. Kwa hiyo kabla hajaamua hata njia, nimemwambia arekodi nyimbo zake 5 kwa simu, zilivyo, azisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Nyimbo za babu zenyewe zibaki za babu, asijiandikie. Alichokiongeza yeye, hicho ndicho chake.

Ningekuwa na miaka 22 leo, ningefanya hivi. Ningewarudia hoteli niombe siku 2 badala ya 5, Ijumaa na Jumamosi, na siku 3 za katikati nishike kazi ya kibarua yoyote isiyohitaji kichwa. Wakikataa, ningetia sahihi msimu mmoja, mmoja tu, na hela ya mwezi wa kwanza na wa pili ingenunua maikrofoni nzuri kabla haijajua njia ya kwenda kwingine. Jukwaani ningepiga wanachotaka, kwa tabasamu, kwa ufundi, bila kununa, kwa sababu mgeni hana kosa. Chivoti nisingeipeleka kule hata siku moja. Siku ikizoea kupigwa nyuma ya watu wanaotafuna, itakuwa ya kule.

Hilo la mwisho lilimkaa. Alinyamaza, akakunja mkataba mara 4 mpaka ukawa mdogo kama bahasha ya dawa, akautia mfukoni. Akaniaga, akashika gitaa lake, akatoka.

Nilipokuwa nafunga duka niliiona chivoti juu ya meza, kando ya chuma cha kuchomelea. Nikampigia simu kumwambia ameisahau.

"Sijaisahau, mjomba," akasema.